Kidole Kutoka Chimala Hadi Kibaha

“Kimekataa, mama. Pangusa usoni, halafu weka tena.”

Kijana wa laini anasema hivyo bila kuinua macho. Amekaa chini ya mwamvuli pale stendi ya Chimala, wilayani Mbarali, mgongo kaupa barabara kuu ambako malori ya Zambia yanapita kutwa nzima. Mezani ana simu yenye ufa kiooni, daftari lililokunjika pembe, na kifaa cheusi cha ukubwa wa kiberiti chenye kidirisha kinachowaka. Mama aliyesimama mbele yake ametoka mashineni kukoboa, vumbi la pumba bado liko kwenye kilemba. Simu yake ilitumbukia kwenye mfereji shambani, na anataka kurudishiwa namba ileile kwa kuwa hela ya magunia mawili imo humo. Anapangusa kidole gumba kwenye paji la uso, anakiweka, anakandamiza. Kioo kinawaka. Tunasubiri, mimi nikiwa nyuma yake kwenye foleni.

“Kimekataa tena.”

“Mwanangu, kidole ni changu hiki. Nimezaliwa nacho.”

Tukacheka, na mwenyewe akacheka. Ila mimi kazi yangu ni mifumo ya kompyuta, na maneno yale hayakunitoka. Hakuna pale aliyebisha kwamba kidole ni chake. Ubishi ulikuwa kama picha iliyopigwa na kile kioo asubuhi ile inafanana vya kutosha na nyingine aliyopigwa miaka iliyopita siku ya kujiandikisha kitambulisho cha taifa. Na aliyeamua kwamba hazifanani si kijana wa laini. Uamuzi ulitoka mbali.

Kidole husafiri hivi. Kifaa kinapiga picha ya mistari ya ngozi. Programu iliyo kwenye simu ya wakala inaiambatanisha picha hiyo na Namba ya Utambulisho wa Taifa, ile yenye tarakimu 20, inaisimba ili anayedukua njiani asiambulie kitu, kisha inaituma kwenye seva za kampuni ya simu. Kampuni hailinganishi yenyewe. Inapeleka swali kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ambayo kituo chake kikuu cha kutunza taarifa kiko Kibaha, mkoani Pwani, na cha akiba kiko Kihonda, Morogoro. Huko jalada la namba ile linafunguliwa, ulinganishaji unafanyika, na jibu linarudi kwa njia ileile. Kutoka Chimala hadi Kibaha ni kama kilomita 700 za lami. Mtandao ukiwa mzuri, kidole kinakwenda na kurudi kwa sekunde chache.

Hilo ndilo watu wanaloliita uthibitishaji kwenye wingu. Kwetu wingu ni lile linaloshuka kutoka Kitulo na kuzifunika kona 57 za kupandia Matamba, hivyo neno lenyewe linapotosha kidogo. Wingu la wahandisi ni nyumba yenye mashine, viyoyozi, jenereta na walinzi. Mkulima wa Mbarali analielewa bila kufundishwa darasani, maana yeye hanunui kombaini. Anaikodi siku ya mavuno, inavuna, inahamia kwa jirani, na hashughuliki kujua ni ipi kati ya zile tano za tajiri imeingia shambani kwake. Na mpunga akiuvuna, kama anangojea bei ipande, huuacha kwenye ghala la mashineni na kulipia kwa gunia. Wingu ni hayo mawili kwa pamoja: nguvu ya kukodi na ghala la kuhifadhia. Maswali yake nayo ni yaleyale ya mashineni. Funguo anazo nani? Ghala likiungua? Na wote tukivuna wiki moja, kombaini zitatosha?

Swali la kombaini tumeshalijibu kwa vitendo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na mwisho wake ukawekwa Desemba 31. Tunavyojijua, wengi tuliamka Desemba. Foleni za ofisi za NIDA zilianza kabla ya jua kuchomoza, hadi Rais Magufuli akaongeza siku 20 na laini zikaanza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Si foleni yote ile iliyosababishwa na mashine. Wengi hawakuwa na namba kabisa. Lakini mfumo unaoweza kuongezewa seva kwa mwezi mmoja wa kiangazi na kupunguziwa masika unapumua vizuri kuliko ule uliojengwa kwa mwendo mmoja tu. Hapo wingu lina haki ya kusifiwa.

Sasa turudi kwenye kidole gumba.

Mistari ya kidole haiendi sambamba bila kukatika kama matuta ya viazi. Mahali fulani mstari unaishia ghafla, mahali pengine unagawanyika kuwa miwili kama mfereji unavyogawa maji kwenye majaruba. Mashine huziokota sehemu hizo, kila moja na mahali pake na mwelekeo wake, na kidole kizuri kinatoa makumi ya alama za aina hiyo. Kinacholinganishwa ni ramani hiyo. Picha nzima hailinganishwi mstari kwa mstari. Na ramani mbili za kidole kilekile hazilingani kamwe asilimia mia: leo umekandamiza zaidi, jana ulikiegemeza upande, juzi kilikuwa na jasho. Kwa hiyo mashine haisemi “ndiye” wala “siye”. Inatoa maksi, kama mwalimu. Halafu kuna kizingiti kilichowekwa na mwenye mfumo: maksi zikikivuka, mlango unafunguka, zisipokivuka, kijana wa laini anakwambia kimekataa.

Kizingiti hicho kikiinuliwa, wezi wachache zaidi watapita, na wenye mali wengi zaidi watabaki nje. Kikishushwa, mambo yanageuka. Hakuna urefu wa kizingiti unaomkwaza mwizi peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye matangazo teknolojia hii huuzwa kana kwamba inajua. Haijui, inakadiria, na kuna mtu ofisini aliyechagua ikadirie kwa ukali gani. Kurudisha laini yenye hela ndani kunastahili ukali. Kumpa mzee dawa hospitali kunastahili huruma zaidi. Ukiona huduma zote mbili zina kizingiti kimoja, ujue hakuna aliyekaa akafikiri.

Jambo jingine ambalo watu hulichanganya: kuthibitisha na kutambua ni kazi mbili tofauti. Mama wa stendini ametaja namba yake, mashine inalinganisha kidole chake na jalada moja. Hiyo ni kuthibitisha. Lakini siku ya kujiandikisha, mfumo unapaswa kujua kama mtu huyu hajawahi kujiandikisha kwa jina jingine, kwa hiyo unamlinganisha na kila aliyemo. NIDA imesajili zaidi ya watu milioni 20. Tuseme, kwa mfano tu, ulinganishaji wa kidole kimoja unakosea mara moja katika milioni. Kosa dogo hilo. Lakini ukilinganisha na watu milioni 20, utapata watu kama 20 wanaofanana naye wasiohusika kabisa. Ndiyo maana walikuchukua vidole vyote kumi, wala haukuwa usumbufu: kosa la kidole cha kwanza linasahihishwa na cha pili, na cha tatu.

Basi kwa nini gumba la mama lilikataa? Vifaa vingi vya mezani huona kwa mwanga. Pale mstari wa ngozi unapogusa kioo mwanga unarudi tofauti na pale penye bonde. Ngozi kavu haigusi vizuri, mistari inaonekana imekatika hata ambako haikukatika, na mashine inaokota alama za uongo. Mafuta ya usoni huziba pengo hilo, kwa hiyo “pangusa usoni” si ushirikina, ni fizikia. Ila mafuta hayarudishi mstari uliolika. Wanaopandikiza mpunga kwa mkono wanashinda kwenye tope wiki nzima. Wanaochimba viazi Matamba, wanaofyatua matofali, fundi wa saruji, mama anayefua kwa majivu, wote wanasaga vidole kila siku. Ukija kipupwe cha Juni, upepo mkavu wa huku kwetu unapasua ngozi hata ya mwalimu. Mfumo uliojaribiwa kwa vidole vya maofisa ukiletwa Usangu utawakataa wakulima, na kwenye ripoti utasomeka kwamba umefanikiwa kwa asilimia kubwa. Asilimia ndogo iliyobaki inaishi kijiji kimoja.

Nilizaliwa katika ukoo ambao babu yake alikuwa manamba. Neno hilo vijana wa sasa hawalijui, na wanaolijua hulitaja kwa mzaha. Shirika la waajiri wa mkonge, lililoitwa SILABU, lilikuwa likichukua watu wa Njombe, Iringa na Mbeya kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro, na mtu akishaandikishwa akawa namba. Ndiyo wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Upande wa Kenya kipande kilikuwa kibaya zaidi. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kukibeba popote, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning’inizwa shingoni. Sisemi kitambulisho cha taifa ni kipande; kitambulisho hiki ni cha raia, na sheria yake ya usajili na utambuzi wa watu ilitungwa na bunge letu wenyewe mwaka 1986. Nasema tu kwamba alama ya kidole ilifika kwetu kabla ya kompyuta, na ilifika ikiwa chombo cha mwajiri kumjua mtumishi, si cha mtumishi kujulikana apate haki yake. Anayejenga mfumo leo achague ni upi kati ya hiyo miwili anaujenga.

Kisha kuna meza.

Watu huniuliza kama wadukuzi wanaweza kuvamia Kibaha. Wanaweza kujaribu, na ulinzi wa pale hauna budi kuwa mkali. Lakini wizi wenyewe tunaoujua mitaani hauanzii huko. Unaanzia mezani, pale mtu anapoambiwa “kimekataa, weka tena” wakati mara ya kwanza kilikubali, na ile ya pili inasajili laini ambayo yeye hataiona kamwe. Laini hiyo ndiyo baadaye inatuma ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, “ile hela tuma kwenye namba hii”. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro mbele kwa majaribio ya utapeli wa simu. Rukwa si mbali na kwetu. Hapo mfumo wa Kibaha haukudanganywa hata kidogo. Kidole kilikuwa cha kweli, namba ya kweli, jibu la kweli. Uongo ulikuwa kwenye swali. Mwenye kidole hakuonyeshwa anathibitisha nini.

Dawa yake inajulikana na wala si ghali. Kila kidole kinapothibitishwa, mwenyewe apate ujumbe papo hapo: namba yako imetumika saa fulani, na wakala fulani, kwa jambo fulani. Benki hukutumia ujumbe kwa shilingi mia tano iliyotoka. Utambulisho wako una thamani zaidi ya hiyo. Na jibu linalorudi kwa muulizaji liwe dogo iwezekanavyo. Mwenye gesti anayetaka kujua kama wewe ndiwe anahitaji “ndiyo” au “hapana”. Jina la mama yako na mahali ulipozaliwa havimhusu. Tumezoea vibaya: kila ofisi inataka kopi ya kitambulisho, na kila steshenari yenye mashine ya fotokopi ina ndoo ya kopi zilizotoka vibaya. Nimewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwenye mojawapo, picha ya mtu ikiniangalia katikati ya mafuta. Tena namba yenyewe inaanza na tarakimu nane za tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo si siri na isichukuliwe kuwa siri. Namba ni jina lako la serikalini. Kuitaja hakupaswi kumfungulia mtu mlango wowote.

Kidole nacho si nywila, ingawa kinatumika kama nywila. Nywila ikivuja unabadili. Mwaka 2015 idara ya utumishi ya serikali ya Marekani ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa kwenye kumbukumbu zake, na hao hawatapewa vidole vingine. Miaka 13 kabla ya hapo, mtafiti Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Yokohama, Japani, walitengeneza vidole vya gelatini, kitu cha jikoni tu, wakavidanganya vifaa 11 walivyovijaribu. Tangu hapo vifaa bora vimefundishwa kupima kama kidole kina uhai. Lakini vile vya bei ya chini ndivyo vinavyofika stendini. Sura nayo, ambayo wengi wanaitazamia kuwa mkombozi wa vidole vilivyolika, ina deni lake: mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini alionyesha kwamba programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikitambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kwa wanaume weupe zikikosea chini ya asilimia moja. Programu zimeboreshwa tangu hapo. Bado ningependa zijaribiwe Ubaruku kabla ya kununuliwa Dodoma.

Na ghala likae wapi? Wapo wanaosema tukodi kwa makampuni makubwa ya nje, wana wataalamu wengi na mashine bora. Ni kweli wanazo. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikalemaa nchi nzima. Kidole cha Chimala kinacholinganishwa Kibaha hakihitaji kuvuka bahari. Kinacholinganishwa ng’ambo kingelala siku hiyo, na mama asingepata hela yake ya mpunga kwa sababu ya waya uliokatika sehemu asiyoijua. Mtazamo wangu ni kwamba alama zenyewe zikae nchini, funguo za kuzifungulia zikae mikononi mwa taasisi isiyokuwa ile inayolinda mashine, na vya kukodi nje viwe vile visivyouma, kama tovuti ya maelezo na takwimu zisizo na majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na inazihesabu alama za mwili kuwa taarifa nyeti. Majirani waliyajifunza haya mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba kukusanya vinasaba na mahali mtu alipo, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari kwa taarifa za watu hazikutathminiwa kwanza. India, yenye mfumo mkubwa kuliko wote wa aina hii, iliamriwa na Mahakama yake ya Juu Septemba 2018 kwamba kampuni za simu zisimlazimishe mteja kutumia namba yake ya Aadhaar. Sisi tumechukua njia nyingine, tukaifanya laini na kidole kuwa kitu kimoja. Basi mzigo wa kuhakikisha mtu hakwami ni mkubwa zaidi kwetu.

Njia ya pembeni ipo. Kadi ya taifa ina chipu, na teknolojia inaruhusu kidole kilinganishwe na chipu hapohapo mezani bila kugusa wingu, mtandao uwepo usiwepo. Shida ni kwamba wengi waliishi miaka na namba bila kadi. Njia nyingine ni ya watu: mtendaji wa kijiji na shahidi anayekufahamu, kwa fomu yenye sahihi, na jalada likaguliwe baadaye. Wataalamu wenzangu huicheka hiyo kuwa ya kizamani. Wanasahau kwamba jalada lenyewe la Kibaha lilianzia kwa barua ya mtendaji huyohuyo. Kidole kinasema tu kwamba wewe ndiye yule aliyekuja siku ile. Yule wa siku ile alikuwa nani, mashine iliambiwa na karani, na kama karani alisikia “Salima” akaandika “Sarima”, wingu litaitunza “Sarima” kwa uaminifu mkubwa.

Pale stendini kijana alikuwa anataka kumwambia mama aende Rujewa, ofisi za wilaya. Nikamwomba ajaribu vidole vingine. Akajaribu cha shahada, kikakataa. Cha kati, kikakataa. Tukahamia mkono wa kushoto, ambao haushiki mundu, na kidole cha pete, ambacho hata kwenye jembe hakibebi uzito mkubwa. Kioo kikawaka. Tukasubiri. Lori la mafuta likapita, mwamvuli ukatikisika.

“Kimekubali.”

Mama akashukuru, akalipa, akaanza kuifunga simu yake mpya kwenye leso. Nikamwambia, “Mama, kabla hujaondoka, piga nyota mia na sita reli.” Hakuwahi kuisikia. Akanipa simu nimpigie mwenyewe. Orodha ya laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA ikatokea: ile tuliyoirudisha, nyingine ya mtandao mwingine aliyosema ni ya kwake anayoitumia kumpigia binti yake aliyeko Tunduma, na ya tatu.

Akaisogeza simu mbali na macho, akaisoma taratibu tarakimu kwa tarakimu.

“Hii yenye arobaini na moja mwishoni,” akasema, “ni ya nani?”